Vidudu vya Chini ya Mtungi

Nyumbani kwetu Mabawa hatukuwahi kuvipa jina. Vilikuwa vidudu vya mtungi tu, kwa sababu hapo ndipo vilipokaa: chini ya mtungi wa mama, ndani ya mchanga mbichi, vya kijivu, vina magamba mgongoni na miguu mingi midogo. Ukiinua mtungi vinatawanyika. Vingine vinakimbia, vingine vinajikunja vikawa duara, vingine vinaganda pale pale kama vimeambiwa visijitikise. Nilipokuwa mtoto nilivichezea. Nilipokuwa mwenye nyumba nilivichukia, maana mimi ni mtu wa usafi na mtaa mzima unanijua hivyo. Majirani hunitania kwamba kuku akitaka kupita uani kwangu anafuta miguu kwanza.

Mtungi ule ulikuwa ukimsitiri mama yangu. Mimi ndiye niliyeutoa chumbani kwake, kwa mikono yangu mwenyewe, tena wageni wakiwa njiani. Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Ulikuwa mtungi wa udongo, wenye tumbo pana na shingo fupi, na mama alikuja nao aliponihamia baada ya baba kufariki. Friji lilikuwapo, lakini alisema maji ya friji yanamuuma meno, hali meno yenyewe yamebaki ya kutafuta. Basi mtungi ukawekwa pembeni mwa chumba chake, juu ya beseni kuukuu la bati lililojaa mchanga, na kila asubuhi alinyunyizia mchanga ule maji ili mtungi upoe. Kabla ya kuujaza aliufukiza ubani kwa ndani. Kata ya kifuu cha nazi ilining'inia ukutani, na mtu yeyote aliyeingia kumsalimia alichotewa maji kwanza. Maji yale yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.

Binti yangu ndiye aliyeanza kuvitazama vile vidudu kwa jicho jingine. Alikuwa anasomea mambo ya kilimo, na chuo chake kiliwapeleka Amani kwa mafunzo ya vitendo. Huko msituni kazi yao ilikuwa kufukua majani yaliyooza na kuangalia kinachoishi chini yake. Alirudi na viatu vyenye tope ambavyo nilivioshea nje, na maneno mengi. Akatueleza mezani kwamba vile vya mtungini si wadudu hasa, ni ndugu wa kamba, kwamba vina kitu kama matamvua ya samaki chini ya tumbo na ni lazima kibaki na unyevu, la sivyo vinakufa kwa kukosa pumzi. Siku hiyo nilikuwa nimepika kamba wa nazi. Nilisukuma sahani yangu, mama akaivuta kwake akaendelea kula huku akicheka.

Huyo ndiye mama ninayempenda kumkumbuka, anayecheka na kuvuta sahani.

Mwaka huo vuli hazikuja. Mawingu yalipita juu yetu yakaenda zake, na kufika kiangazi jua lilikuwa linapiga kama limetumwa. Maji ya bomba yakawa ya kuvizia. Tulijaza mapipa yalipotoka na tukayatumia kwa kubana, na mimi nikawa askari wa mapipa. Kila asubuhi nilikuta maji yamepungua zaidi ya nilivyoyaacha. Nilimsema binti yangu sana kwa hilo. Nilisema kwa sauti, uani, kwamba mtu anayeoga kama bata wakati wa shida hajui taabu za mwenziwe. Binti alikataa, nikamwambia asinifanye mjinga. Mama alikuwa chumbani kwake, dirisha lake linatazama uani, na alisikia kila neno.

Vidudu navyo vikabadilika tabia. Zamani hukuviona mpaka uinue mtungi. Sasa vilianza kutembea mchana kweupe, pembezoni mwa ukuta, kwa haraka. Vile vya uani, vilivyokuwa vikikaa chini ya mawe na magogo, vilikuwa vikiingia ndani. Niliona vimerundikana mlangoni pa bafu, vimepandana, donge la ukubwa wa ngumi. Nikaita nyumba nzima ije ione uchafu huu. Binti yangu akachuchumaa, akanieleza kwa upole kama anamfundisha mtoto. Alisema vinarundikana ili kila kimoja kikizuie kingine kisikauke. Alisema tena kwamba havijui vinakokwenda. Palipo pakavu vinakimbia ovyo, vikigusa penye unyevu vinapunguza mwendo, na kwa kupunguza mwendo huko ndiko vinakokusanyika. Kwa hiyo, alisema, ukikausha mahali pamoja hujaviondoa, umevihamisha tu.

Nilimjibu kwamba nyumba yangu si msitu wa Amani. Nikavimwagia majivu ya moto.

Mama naye alikuwa amebadilika, na hilo nililiona nikalipa jina la uzee. Aliacha kwenda darasa la akina mama la Jumanne, ambalo hakuwahi kulikosa. Akialikwa msibani alituma salamu na udhuru wa miguu. Hakukaa tena kwenye makochi yangu. Alikuwa na kiti chake cha mbao, na akiinuka alikipitishia kiganja kwanza, haraka, kama anayefuta vumbi. Ubani, uliokuwa wa kufukiza mtungi, akaanza kuuchoma kila siku, asubuhi na jioni, mpaka nguo zetu zote zikanukia. Nikamwambia atatuua kwa moshi. Akasema chumba kina unyevu kwa sababu ya mtungi, na ubani unakausha hewa. Nilikubali, maana kweli chumba kilikuwa na unyevu, na kweli mtungi ulikuwapo.

Ramadhani ikaingia katikati ya joto hilo. Mama alifunga, ingawa tulimwambia ana ruhusa ya kula. Wakati wa kufuturu alikula tende, akalowesha midomo kwa maji, basi. Nilimsukumia kikombe, akasema ameshakunywa chumbani. Alivyokuwa na mtungi wake huko, sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Binti yangu alikuwa ameposwa na kijana wa Pongwe. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa, lakini upande wa kijana walikuwa hawajaingia nyumbani kwetu hasa, wakala na kukaa. Nikamwalika mama wa kijana na jamaa zake wa kike kuja kufuturu. Nilimjua kwa kumwona mara chache: mwanamke mpole, mwenye kuuza vitambaa, anayevaa buibui lililopigwa pasi mpaka pindoni. Nikaona nimepata mtu wa usafi mwenzangu, na nikaogopa macho yake. Nilitaka atoke kwangu akasimulie Pongwe nzima.

Wageni wa kike wakija kufuturu, huonja tende na uji kwanza, kisha huswali Maghribi, ndipo chakula kinapoandaliwa. Chumba chetu cha kuswalia wanawake kilikuwa cha mama, kwa sababu ni kikubwa na kimekaa sawa na kibla. Nilipofikiria jambo hilo nikaona mtungi, na chini ya mtungi nikaona vidudu vikitembea juu ya msala wa mama wa kijana.

Siku moja kabla ya wageni nikaingia chumbani kwa mama na ufagio, ndoo na dawa ya kusafishia. Sikupiga hodi. Sikuwa na desturi ya kupiga hodi kwa mama yangu, ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia mtungi unatoka. Alikuwa amekaa kitandani, akashika ukingo wa godoro kwa mikono miwili.

"Niachie mtungi wangu, mwanangu," alisema.

Nikamwambia ni kwa siku mbili tu, wageni wakiondoka utarudi. Nikamwambia kuhusu vidudu. Nikamwambia itakuwa aibu. Akasema basi nimwachie chetezo cha ubani. Chetezo nilimwachia. Mtungi niliumwaga, nikautoa, nikaufudikiza barazani upigwe na jua. Beseni la mchanga nililibeba mpaka jalalani. Vidudu vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani, vilimwagika sakafuni, nikavifagia, nikavinyunyizia dawa, nikapiga deki, nikafungua madirisha na kuwasha feni usiku na mchana ili sakafu ikauke kabisa. Niliridhika sana. Kwa mara ya kwanza chumba cha mama kilikuwa kikavu kama chungu kipya.

Nilitaka kufagia mvunguni pia. Mama akasema huko ameshafagia mwenyewe asubuhi, na mimi nilikuwa nimechoka.

Wageni walifika kabla ya adhana wakiwa wamebeba mikate ya kumimina na sinia la kaimati. Barazani wakauona mtungi umefudikizwa, na mama wa kijana akausifia, akasema mitungi ya namna hiyo siku hizi haionekani. Nikajibu kwamba ni wa mama, tumeupumzisha. Tulifuturu tende na uji wa pilipili manga. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kila mama wa kijana aliposhika kitu nilitazama kama kimeng'aa.

Tukaingia chumbani kuswali. Binti yangu alikuwa ameshatandika misala. Mama alikuwa kitandani, tasbihi mkononi, na ubani ulikuwa umefuka mpaka tukakohoa. Nikamwambia asogee aswali nasi. Akasema ameshaswali, jambo lisilowezekana, kwa kuwa adhana ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Sikulifikiria. Nilikuwa nimeona kidudu kimoja kinapanda msala wa mama wa kijana.

Alikisukuma kwa kidole, taratibu, akaendelea kujifunga ushungi. Kikaja cha pili. Nikafuata kwa macho kilikotoka, nikaona pembezoni mwa ukuta msafara mzima, vyote vinaelekea mvunguni mwa kitanda cha mama. Damu ikanipanda. Niliona kazi yangu yote imekuwa bure, na katika hasira hiyo sikumkumbuka mtu mwingine yeyote. Nikachukua ufagio wa nyuma ya mlango, nikainama, nikauingiza mvunguni nikavuta.

Furushi likatoka. Zilikuwa kanga zake, zimeviringishwa na kufungwa kwa kipande cha shuka, na zilikuwa mbichi. Vidudu vilikuwa vimejazana kwenye mikunjo yake, vimerundikana kama vile vya mlangoni pa bafu, na taa ilipovipiga vikamwagika, vikakimbia kila upande sakafuni kwangu nilikokukausha. Harufu ya mkojo ikaupita ubani.

Nikasema, kwa sauti, mbele ya wote, "Mama, nini hiki?"

Nimejaribu mara nyingi kujitetea juu ya maneno hayo. Kwamba nilishtuka. Kwamba yalitoka yenyewe. Lakini nilijua ni nini kabla sijauliza, pua ilikuwa imeshaniambia. Niliuliza ili wageni wajue kwamba mimi sikuhusika.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama mama wa kijana, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba radhi kwa chai iliyopoa:

"Mtungi wavuja."

Hakuna aliyegeuka kutazama pembeni ambako mtungi ulikuwa haupo. Wote walikuwa wameuona barazani, mkavu, umefudikizwa, na mmoja wao alikuwa ameusifia. Nadhani mama naye alikumbuka pale pale, kwa sababu vidole vyake vilisimama kwenye tasbihi. Alikuwa amelishika neno hilo miezi mingi, amelipangia mchanga mbichi na ubani na kata ya maji, na siku alipolihitaji nilikuwa nimeshauondoa ushahidi wake.

Mama wa kijana akakunja msala wake. Akasema ukumbini kuna upepo zaidi, tukaswali huko. Alipopita alimshika mama mkono akaubusu, kana kwamba ndiyo kwanza anafika, na wenzake wakafanya vivyo hivyo mmoja mmoja. Binti yangu akalichukua furushi, akatoka nalo kwa mlango wa uani. Mimi nikabaki nimeshika ufagio. Kisha nikawafuata wageni ukumbini, na nikamwacha mama peke yake, maana nilikuwa bado nawaonea wageni haya. Haya ya kumwonea mama ilikuja baadaye, walipokuwa wanakula magimbi na kuyasifia. Ilikuja ikakaa.

Ndoa ilifungwa baada ya Ramadhani. Mama wa kijana hajawahi kutaja jambo lile, si kwa neno wala kwa jicho, na mpaka leo tukikutana ni mimi ninayeangalia chini. Wakati mwingine natamani angesema lolote nipate kujibu.

Baada ya siku ile mama aliacha kufuturu nasi. Alisema hana hamu. Midomo ilimkauka ikapasuka, akaanza kuchanganya majina ya watu, ndipo nikamwambia binti yangu tumpeleke hospitali. Daktari, kijana wa kike, alimvuta ngozi ya mkono akaona inavyochelewa kurudi. Akasema mwili umekauka na njia ya mkojo imeingia maradhi, na kadiri mtu asivyokunywa ndivyo mkojo unavyounguza na kumtoka bila kumpa nafasi. Akamuuliza mama kwa nini hanywi.

"Nisipokunywa hakitoki kitu," mama alisema. "Na maji ya pipa yasemewa."

Daktari hakulielewa hilo la pipa. Mimi nililielewa. Mama ndiye aliyekuwa akiamka kabla yetu sote kufua kanga zake gizani ili zikauke tusione, na siku maji yalipokuwa machache mno, au mimi nilipokuwa nimesema mno, alizificha mbichi akasubiri. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaona aibu mbele ya yule binti mwenye koti jeupe, na safari hii ilikuwa aibu yangu halali.

Dawa zilimsaidia. Hazikumaliza kila kitu, lakini homa iliondoka na akili ikarudi. Masika yakaja yamekasirika, ua ukajaa maji, na vidudu vikapanda ukutani kukimbia mafuriko kama vilivyokuwa vimekimbia ukame. Sikuvimwagia kitu. Nikaenda mwenyewe kutafuta mchanga safi, nikaujaza kwenye beseni jipya, nikaurudisha mtungi pembeni pake, na kila asubuhi nikanyunyizia mchanga maji mengi kuliko alivyokuwa akinyunyizia yeye, mpaka sakafu ikawa na dimbwi. Kanga zake nikaanza kuziokota pamoja na nguo za wote, nikazifua pamoja, nikazianika katikati ya mashuka. Vidudu vikarudi chini ya mtungi, vikakaa.

Nilikuwa nikimsubiri aseme tena. Nilikuwa nimeshapanga jibu langu. Akija mgeni, akihisi unyevu, mama akisema mtungi wavuja, mimi ningesema ndiyo, wavuja, na mafundi wa siku hizi hawajui kuuziba. Ningesema kwa sauti ile ile niliyomuulizia, mbele ya watu. Idi ya Kuchinja ikaja na wageni wakaja. Mama wa kijana naye alikuja, akakaa chumbani humo kwa muda mrefu, na sakafu ilikuwa mbichi kweli. Nilisimama mlangoni na jibu langu mdomoni. Mama aliongea juu ya mvua, juu ya bei ya nazi, juu ya kitukuu anayetarajiwa. Kuhusu mtungi hakusema chochote, wala hajasema tangu siku ile.

Maji anakunywa, lakini si mbele yangu. Nikiwa chumbani atasema ameshakunywa. Nikitoka nasikia kata inagonga shingo ya mtungi.

Kwa hiyo siku hizi napiga hodi. Ndani ya nyumba yangu, kwenye mlango wa mama aliyenizaa, nasimama nje kama mgeni na kusema hodi, na simharakishi. Inachukua muda. Nasikia kitanda, nasikia kitambaa kinakunjwa, nasikia kitu kinasukumwa mvunguni. Nakodolea macho sakafu mpaka kimya kirudi. Kisha anasema karibu, kwa adabu kabisa, kama anavyowaambia watu wa nje.